Uswisi: Kwa nini majitaka yaliyosafishwa bado ni tishio kwa trauti

Nchini Uswisi, samaki anayeonyesha mapema zaidi kwamba mto una matatizo ni trauti wa kahawia, yuleyule ambaye walowezi wa Kiingereza walimpeleka katika vijito vya Aberdare nchini Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita. Tangu miaka ya 1980 idadi ya trauti wanaovuliwa katika mito ya Uswisi imepungua kwa zaidi ya nusu. Watafiti waliochunguza sababu walikuta kwamba hakuna mkosaji mmoja: makazi yaliyoharibiwa, ugonjwa wa figo na ubora wa maji, vyote vimechangia.

Si kwamba Uswisi imekosa mitambo ya kusafisha majitaka. Baada ya mlipuko wa homa ya matumbo huko Zermatt mwaka 1963, ujenzi ulikwenda kwa kasi. Mwaka 1965 ni takriban asilimia 14 tu ya wakazi waliokuwa wameunganishwa na mitambo hiyo. Leo ni zaidi ya asilimia 97. Povu na uvundo vikatoweka mitoni. Kilichosalia hakionekani kwa macho.

Hatua ya nne

Mtambo wa kawaida huchuja takataka, huacha tope litue, kisha huwaachia bakteria kazi ya kula uchafu uliobaki. Lakini bakteria hao hushindwa na dawa nyingi zinazopita mwilini mwa binadamu na kuishia chooni. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayojulikana na wengi, imethibitika katika majaribio kudhuru figo na matamvua ya trauti. Homoni za vidonge vya kupanga uzazi huwafanya samaki dume watengeneze protini ya kiini cha yai, kazi isiyowahusu kabisa. Katika kijito kidogo, ambako siku za ukame sehemu kubwa ya maji imetoka mtamboni, samaki hana pa kukimbilia.

Ndiyo maana sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016 inaitaka mitambo iliyoteuliwa, zaidi ya 100, iongeze hatua ya nne kufikia mwaka 2040. Gesi ya ozoni huvunjavunja kemikali hizo, au makaa yaliyotengenezwa mahususi huzinasa. Shabaha ni kuondoa asilimia 80. Ozoni nayo huacha vipande vyake, hivyo maji hupitishwa tena kwenye mchanga ili bakteria wamalizie. Mtambo wa Neugut mjini Dübendorf ulitangulia mwaka 2014. Gharama hulipwa kwa ada ya faranga 9 kwa kila mkazi kwa mwaka, na mfuko huo hubeba asilimia 75 ya uwekezaji.

Joto halichujwi

Hata hivyo, hatua ya nne haipozi maji. Maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 hubaki 9. Ugonjwa wa figo wa trauti, unaoletwa na kimelea, huua zaidi pale maji yanapozidi nyuzi 15 kwa wiki kadhaa. Kanuni za Uswisi zinakataza kubadilisha joto la mto kwa zaidi ya nyuzi 1.5 katika maeneo ya trauti, ilhali kwingine kikomo ni nyuzi 3. Ni kanuni ya busara, lakini kiangazi kikali hupasha mto bila kumwomba mtu ruhusa: mwaka 2003 maelfu kwa maelfu ya samaki walikufa katika Rhine.

Mto huohuo huingia Ujerumani, kisha Uholanzi, ambako watu huunywa. Umoja wa Ulaya nao umepitisha agizo lililoanza kutumika Januari 2025: mitambo inayohudumia watu 150,000 au zaidi iwe na hatua ya nne kufikia mwaka 2045. Tofauti yake na Uswisi iko kwenye mkoba, kwani watengenezaji wa dawa na vipodozi ndio watakaolipa angalau asilimia 80 ya gharama za hatua hiyo. Baadhi yao wamekwenda mahakamani kulipinga.