Jelikoti Haioti Tena: Kurudisha Mng'ao wa Boti Kuukuu ya Faibaglasi

Myanga, huku Bungoma, haina ziwa, lakini Sio Port na Port Victoria, kwenye Ziwa Viktoria, haziko mbali. Mtu wa Bungoma aliyenunua boti kuukuu ya faibaglasi huko ufuoni ana sababu nzuri ya kuileta nyumbani kwa lori kabla ya kuitia majini. Huku kuna uwanja mkavu, na gereji za Bungoma na Kitale zina mafundi wa rangi za magari wenye misasa na mashine za kung'arisha. Hatari ni kwamba fundi huyo amezoea bati la gari, na mazoea ya bati yanaweza kuiharibu boti kwa siku moja.

Boti ya faibaglasi hujengwa kinyumenyume, kuanzia nje kwenda ndani. Mjenzi huchukua kalibu iliyosuguliwa hadi ikang'aa, huipaka nta, kisha huipulizia rezini nzito yenye rangi, iitwayo jelikoti. Baada ya hapo hulaza mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa rezini, tabaka juu ya tabaka. Ikishakauka, boti hutolewa kwenye kalibu ikiwa inang'aa tayari. Jelikoti hiyo ina unene wa takriban nusu milimita, sawa na ukucha wa kidole. Kila unapopiga msasa unaipunguza, nayo haioti tena. Ndiyo maana kazi yote hii ina kanuni moja: anza na kilicho laini, na uende kwa kikali pale tu ambapo kilicho laini kimeshindwa.

Adui mkubwa ni jua

Mionzi ya jua huvunja rezini iliyo juu kabisa, uso ukawa unga mweupe. Pitisha kitambaa cheusi. Kikitoka na vumbi kama la chaki, jelikoti imechakaa. Sisi tuko karibu na ikweta, tena juu: Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kitale iko kama mita 1,900. Mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Boti iliyoachwa wazi uani Kitale hupigwa na jua kali zaidi kuliko iliyoachwa Mombasa.

Kagua kabla ya kung'arisha

Mng'ao hauponyi boti mbovu. Gongagonga ubavu wake kwa sarafu, ukisikiliza. Sauti kali na ya namna moja ni dalili njema. Sauti butu mahali fulani huonyesha kwamba tabaka zimeachana au maji yameingia. Kanyaga sakafu: ikibonyea, huenda mbao zilizofunikwa ndani zimeoza.

Kisha angalia chini kama kuna malengelenge. Maji hupenya jelikoti polepole, yakayeyusha mabaki ya kemikali ndani na kujenga shinikizo linaloinua uso. Maji baridi ya ziwani hupenya hivyo kwa urahisi zaidi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo usidhani boti ya ziwa imesalimika kwa sababu haijaona bahari. Lengelenge likipasuliwa, maji yake hunuka kama siki na huweza kuruka, basi vaa miwani ya kukinga macho. Boti yenye malengelenge mengi inahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kukaushwa kwa wiki kadhaa kabla ya matengenezo mengine.

Sabuni kwanza

Osha boti nzima kwa maji mengi, sabuni laini na sponji. Usitumie waya wa chuma wa kusugulia sufuria: hukwaruza, na vipande vyake hubaki vikashika kutu. Mstari wa kahawia unaobaki pale maji yalipofikia, pamoja na madoa ya kutu na ya udongo mwekundu, huondolewa kwa asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji. Ipake, isubiri dakika chache, kisha isuuze vizuri. Ni sumu, vaa glavu na uiweke mbali na watoto. Dawa ya klorini ya kufulia nguo haiondoi kutu, na ikikutana na asidi hutoa gesi inayochoma mapafu. Usizichanganye kamwe.

Hatua inayorukwa na wengi ni kuondoa nta na grisi ya zamani. Ukipiga msasa juu yake, unaisukuma ndani ya vinyweleo vya jelikoti. Futa kwa asetoni kidogo kwenye kitambaa safi, mahali penye hewa, mbali na moto na sigara.

Pima, ndipo usugue

Chagua eneo la viganja viwili. Jaribu polishi ya kawaida. Ikirudisha rangi, umemaliza. Endelea hivyo boti nzima. Ikishindwa, jaribu kompaundi, ambayo ina chembe za kusugulia. Ikishindwa nayo, ndipo uchukue msasa wa maji. Anza na namba 1000, au 800 penye uchakavu mkubwa, kisha 1500, halafu 2000. Ufunge kwenye kibao chenye sponji, uulowanishe kwa maji yenye tone la sabuni, na ubadilishe mwelekeo kila unapobadilisha namba, ili uone mikwaruzo ya kwanza imekwisha kabla ya kusonga mbele. Ukiona rangi inafifia au nyuzi zinaanza kuonekana, acha hapo hapo.

Vaa barakoa, na usisugue pakavu. Vumbi la rezini na kioo huumiza mapafu. Maji machafu yasiachwe yatiririke mtoni, kwani Nzoia hupita huku kwetu ikielekea ziwa lile lile.

Baada ya msasa, rudi kwenye kompaundi kwa mashine ya mwendo mdogo. Fanya kazi asubuhi, kivulini, na usiiache mashine isimame mahali pamoja, maana joto huunguza jelikoti. Malizia kwa polishi, kisha nta mara mbili, nyembamba, ukifuta kila inapokauka na kuwa na ukungu.

Palipotoboka

Fila ya magari hunyonya maji, kwa hiyo haifai sehemu inayokaa majini. Mkwaruzo uliofika kwenye nyuzi uzibwe kwa jelikoti mpya. Kichocheo chake huwa kama asilimia 1 hadi 2, na tone lake likiingia jichoni linaweza kupofusha. Jelikoti ya kawaida hubaki na unato panapoguswa na hewa, basi funika kiraka kwa karatasi ya plastiki hadi kikauke. Kitale, usianze kazi hii jioni: baridi ya usiku huchelewesha rezini kukauka. Ikiwa jelikoti imekwisha boti nzima, njia ya busara ni praima ya epoksi na rangi ya poliurethani ya kuchanganya sehemu mbili.

Kazi ikishakwisha, ulinzi wake ni rahisi: kivuli, maji, sabuni, na nta mpya kila miezi michache. Boti inayokaa chini ya banda au turubai inaweza kwenda miaka bila kuhitaji msasa tena. Turubai na mkebe wa nta ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kupaka boti nzima upya, na jelikoti utakayoitunza hivyo itamfaa hata yule atakayeinunua boti hiyo kwako.