Ijumaa kofia, Jumapili Biblia: Dini katika kampeni za Kisumu na funzo lake kwa Pwani

Mgombea anayesaka kura kando ya Ziwa Victoria hana mapumziko ya mwisho wa wiki. Ijumaa atavaa kofia aketi msikitini Kisumu mjini au Kendu Bay, angoje swala imalizike apewe nafasi ya kusalimu. Jumamosi atakuwa kwa Wasabato, ambao ni wengi upande wa Homa Bay. Jumapili asubuhi ataonekana kwa Waanglikana au Wakatoliki, na kabla jua halijatua huenda akapitia kwa waumini wa Legio Maria au wa kanisa la Nomiya. Kote huko atasema yeye ni mcha Mungu, na kabla ya kuondoka atataja mabati, saruji au vipaza sauti atakavyoleta.

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuhadithiwa. Kofia hiyo hiyo tunaiona Mombasa, Malindi na Lamu kila uchaguzi ukikaribia. Lakini ya Kisumu yanatuhusu kwa sababu nyingine pia. Mara mbili, mwaka 1992 na mwaka 2007, siasa za ziwani na kura za Waislamu wa Pwani zilikwenda pamoja, na mara ya pili tuliona jinsi madai ya haki yanavyoweza kugeuzwa kitisho. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na utakuwa wa kwanza tangu vyama vingi virudi ambao Raila Odinga hayupo. Yafaa tuelewe mapema dini hufanya kazi gani hasa katika kampeni.

Nani ni nani kando ya ziwa

Wengi wetu tukisikia Kisumu tunadhani ni mji wa dini moja. Sivyo. Wamishonari wa Kianglikana walifungua kituo Maseno mwaka 1906, na mwaka huo huo Waadventista wakaanza kazi Gendia, karibu na Kendu Bay. Wakatoliki nao walikuwa wamekwisha kuingia. Baadaye wenyeji walianzisha makanisa yao wenyewe. Johana Owalo, ambaye alipitia Ukatoliki na Uislamu, ndiye mwanzilishi wa Nomiya. Katika miaka ya 1960 kundi kubwa lilijitenga na Ukatoliki likawa Legio Maria, ambalo makao yake matakatifu yako Got Kwer, kaunti ya Migori.

Waislamu nao wana mizizi ya zamani huko. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na njiani ikachukua wafanyabiashara, mafundi na askari: Waswahili, Waarabu, Wanubi na Wahindi. Hadi leo ukifika Kisumu utasikia mitaa ya Kaloleni na Manyatta Arab. Wapo pia Waislamu Wajaluo wa Kendu Bay, na ukipanda hadi Mumias utakuta mji ambao Uislamu wake ulikuja na misafara kutoka Pwani kabla ya reli.

Kwa hivyo mgombea wa huko hawezi kutegemea kanisa moja wala msikiti mmoja. Lazima azunguke kote.

Je, watu hupiga kura kwa dini?

Ushahidi unaonyesha kwamba hapana, au si sana. Shakeel Shabbir, mwenye asili ya Bara Hindi na jina la Kiislamu, alikuwa meya wa Kisumu, akachaguliwa mbunge mwaka 2007, na amerudishwa bungeni katika kila uchaguzi mkuu uliofuata. Mwaka 2017 alishinda hata bila tiketi ya ODM, akiwa mgombea huru, katika ngome ya chama hicho. Wapiga kura wake wengi ni Wakristo.

Mfano wa pili ni kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Maaskofu wa Kikatoliki na makanisa mengi ya Kiprotestanti waliwaambia waumini waikatae Katiba mpya, wakilalamikia kifungu cha uavyaji mimba na kuwepo kwa mahakama za kadhi. Wakaazi wa Nyanza walisikiliza mahubiri Jumapili, kisha wakaenda kuipitisha Katiba kwa wingi mkubwa, kwa sababu kiongozi wao wa kisiasa alikuwa upande wa Ndiyo. Pwani pia tuliipitisha. Mahakama za kadhi zilizomo leo katika Kifungu cha 170 zililindwa, pamoja na wengine, na Wakristo wa ziwani waliokataa kutishwa nazo.

Basi mgombea anafuata nini kwenye nyumba za ibada, ikiwa kura haziendi kwa dini?

Kwanza anafuata hadhira. Watu wamekwisha kukusanyika, wametulia, na yeye hakukodi kiti wala hema. Pili anafuata ushahidi wa tabia. Sheikh au askofu akimshika mkono mbele ya watu, maswali kuhusu mali yake na rekodi yake hupungua. Tatu anafuata lugha. Mwaka 2017 Raila alijifananisha na Joshua na kuahidi kuwavusha wafuasi wake hadi Kanaani. Neno hilo moja liliwaeleza wafuasi wake mateso ya nyuma na matumaini ya mbele, bila kutaja bei ya unga wala idadi ya ajira. Raila huyo huyo, aliyelelewa katika Uanglikana, alibatizwa upya mwaka 2009 na mhubiri David Owuor, na bado alikaa vizuri na maaskofu wa kanisa lake na viongozi wa Legio Maria. Oktoba 2025 alizikwa Bondo kwa ibada ya Kianglikana.

Si kila kiongozi wa dini alikubali kutumiwa hivyo. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, aliyekuwa na makao Kisumu, alipinga upigaji kura wa mlolongo katika miaka ya 1980, na mwaka 1990 akawa miongoni mwa waliodai vyama vingi hadharani. Alizungumza siasa madhabahuni, ndiyo, lakini hakuwa akimtafutia mtu kiti. Alikuwa akidai kura ihesabiwe kwa haki. Tofauti hiyo ni kubwa, na ni vizuri tuikumbuke kila tunaposema dini na siasa zitenganishwe.

Pale Pwani na ziwa zilipokutana

Mwaka 1992 chama cha IPK, kilichoanzia Mombasa, kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni chama cha kidini. Wafuasi wake wengi waligeukia FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga, nayo ikapata viti vya ubunge Mombasa. Mzee wa Bondo na vijana wa Mji wa Kale walikutana kwa sababu wote waliona serikali imewasukuma kando.

Miaka 15 baadaye mwanawe alirudi kwenye uhusiano huo. Agosti 29, 2007, Raila alitia saini mkataba wa maelewano na baraza la viongozi wa Kiislamu la NAMLEF. Madai yaliyomo yalikuwa ya raia wa kawaida: uchunguzi wa dhuluma dhidi ya Waislamu, wakiwemo watu waliokamatwa na kupelekwa nje ya nchi mapema mwaka huo kwa tuhuma za ugaidi, na maendeleo kwa Pwani na Kaskazini Mashariki zilizoachwa nyuma.

Kosa lilikuwa moja: mkataba haukuwekwa wazi. Wiki zikapita, uvumi ukajaza nafasi. Kisha ukasambazwa mkataba mwingine, wa kughushi, uliodai kwamba Raila angeleta sharia ya Kiislamu. Makanisa kadhaa yakaingiwa na hofu. Novemba, mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi, mkataba wa kweli ulipotolewa, wengi walikuwa wamekwisha kuamini ule wa uongo. Madai halali ya familia zilizokuwa zikitafuta jamaa zao yakageuka kuwa hadithi ya Waislamu wanaotaka kuteka nchi. Walioumia zaidi hawakuwa wanasiasa. Waliumia Waislamu, ambao madai yao yalizikwa chini ya kelele.

Sheria inasemaje

Katiba inasema hakuna dini ya taifa (Kifungu cha 8), inalinda uhuru wa kuabudu (Kifungu cha 32), na inakataza chama cha siasa kuundwa kwa misingi ya dini (Kifungu cha 91). Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inahesabu kuwa kosa kumtisha mpiga kura kwa madhara ya kiroho. Yaani anayekwambia utalaaniwa usipompigia fulani anavunja sheria, awe mchungaji, sheikh au mganga. Sheria ya Uchaguzi nayo inamzuia anayetaka kugombea kushiriki harambee ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa uchaguzi wa 2027, hiyo ni kuanzia Desemba 2026.

Makanisa yenyewe yameanza kuchoka. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipokuwa Butere kumtawaza Askofu Rose Okeno, alikataa wanasiasa wapewe mimbari ilhali Raila na Musalia Mudavadi walikuwa wameketi mbele yake. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais William Ruto alitoa kwa kanisa moja la Soweto. Aliyetoa uamuzi huo, Askofu Mkuu Philip Anyolo, aliwahi kuongoza Homa Bay na kisha Kisumu. Anaijua vyema misafara ya magari ya wanasiasa Jumapili asubuhi.

Tufanye nini?

Kumkataza mwanasiasa kuingia msikitini haiwezekani wala haifai. Naye ni mja kama sisi. Lakini kamati za misikiti na makanisa zinaweza kuamua mambo matatu kabla ya msafara wa kwanza kufika.

La kwanza, mgeni aswali kisha aende. Akitaka kuzungumza, aitiwe mkutano nje ya ibada, na wapinzani wake wapewe nafasi sawa. La pili, asiyetaka jina lake litangazwe ndiye apokewe mchango wake; fedha zipite kwa mweka hazina na risiti itolewe. La tatu, na ndilo kubwa, tukiwa na madai tuyaandike kama raia: ardhi, vitambulisho, vijana wanaopotea mikononi mwa vyombo vya usalama. Hati hiyo isomwe hadharani siku inapotiwa saini, nakala wapewe waandishi wa habari na majirani zetu wa dini nyingine.

Mkataba wa 2007 ungesomwa hadharani siku hiyo ya Agosti, Mkristo wa Kondele angejua kwamba jirani yake wa Kaloleni anadai haki ambayo hata yeye angeitaka kwa mwanawe. Hilo bado linawezekana kabla ya 2027.