Istilahi ya "Usonji" na Mtu Mzima

Istilahi hufuata dhana. Dhana ikibadilika, istilahi nayo haina budi kupimwa upya. Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani uliiita hali hii "usonji wa utotoni", na ukataka dalili zianze kabla ya umri wa miezi 30. Mwaka 1987 sifa hiyo ya utoto iliondolewa katika jina. Mwaka 1994 iliongezwa hali ya Asperger, kwa wasiochelewa kusema; na mwaka 2013 zote ziliunganishwa, tukapata dhana ya "wigo wa usonji". Toleo hilo lakubali kwamba dalili huanza utotoni, lakini huenda zisidhihirike mpaka mahitaji ya maisha yamzidi mtu uwezo.

Kwa hiyo mtu mzima atafutaye utambuzi hutakiwa kueleza utoto wake, pengine wazazi wakiwa wamekwisha kufariki. Mfasiri wa fomu ya hospitali aandikapo "usonji wa utotoni" humfanya mtu huyo aonekane hahusiki. Twapendekeza litumike neno "usonji" pekee, na "utotoni" libakie katika kueleza mwanzo wa dalili.