Njia Tambarare za Brenne: Matembezi Yasiyomwacha Bibi Nyumbani

Ufaransa inayosimuliwa na wasafiri wetu aghalabu ni Paris na mnara wake, au milima ya Alps yenye theluji. Ipo Ufaransa nyingine isiyo na mnara wala mlima, ambayo haitajwi sana, nayo pengine ndiyo inayoifaa zaidi aila ya Kiislamu yenye wazee na watoto wadogo. Ni ile nchi tambarare ya misitu na mabwawa: Sologne iliyo kusini mwa Orléans, Dombes iliyo kaskazini-mashariki mwa Lyon, na Brenne katika jimbo la Indre, katikati kabisa ya nchi. Hapa tutaizungumzia Brenne, ambayo tangu mwaka 1989 ni hifadhi ya mazingira ya kimkoa, yaani watu wanaishi, wanalima na wanafuga ndani yake, na mgeni hukaribishwa kutembea.

Tueleze kwanza kwa nini tunaliona jambo hili kuwa na uzito. Wapo wazee wetu wengi waliowafuata watoto wao Ulaya. Mtu aliyezoea baraza, jirani wa kumpigia hodi na uwanja wa kufagia alfajiri, hujikuta ghorofa ya sita nyuma ya dirisha la kioo. Safari zake ni mbili, hospitali na msikitini, tena akipata wa kumpeleka. Watoto na wajukuu wakitaka kutoka siku za mapumziko, huchagua mlima, ambao magoti ya bibi hayauwezi, au ufukwe wa bahari wakati wa kiangazi, ambako staha hukosa pa kukaa. Basi bibi hubaki na runinga, na mama wa nyumba hubaki kumwangalia bibi. Matembezi yaliyokusudiwa kuikusanya aila huishia kuigawa.

Njia za Brenne haziigawi. Mwezi wa Mei tulikuwa huko watu sita, mkubwa wetu akiwa bibi aliyevuka miaka sabini na mkongojo wake, mdogo wetu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Njia ilipita chini ya mialoni, ikatoka kwenye tuta refu lenye nyasi, na maji yalikuwa upande wa kushoto, yametulia, yamezungukwa na matete. Hapakuwa na mwinuko wa kumtoa mtu pumzi. Bibi alikwenda kwa mwendo wake, akikaa kila alipoona gogo, na wajukuu walimtangulia na kumrudia kama watoto wa mbuzi. Alipofika katikati ya tuta alisimama, akaligonga kwa mkongojo.

“Bwawa hili kachimba nani?” akauliza.

“Bibi, si Mungu kaliumba?” alijibu mjukuu wa miaka tisa.

“Maji kaumba Mungu. Tuta hili lina mkono wa mtu. Tazama lilivyonyooka.”

Bibi alikuwa sahihi. Ardhi ya Brenne ni udongo wa mfinyanzi juu ya mawe ya mchanga. Haina rutuba ya maana, na maji ya mvua hayapenyi. Katika zama za kati watawa wa Kikristo na mabwana wa ardhi walianza kujenga matuta ya kuyazuia maji hayo ili wafuge samaki. Dini yao iliwawekea siku nyingi za mfungo ambazo nyama ilikatazwa na samaki akaruhusiwa, na bahari iko mbali mno na Indre. Kwa hiyo walifuga samaki mnene wa maji baridi ambaye Wafaransa humwita carpe. Wasomaji wetu wa bara wanaoyajua malambo ya kunyweshea ng’ombe watalielewa jambo hili upesi kuliko mtalii wa Kizungu: ni lambo, ila limetunzwa kwa karne nyingi. Wenyeji huiita Brenne nchi ya mabwawa elfu, na idadi ya kweli imepita hapo.

Mabwawa hayo yameunganishwa kama shanga. Katika kila tuta kuna mlango mdogo wa maji, na kuanzia majira ya kupukutika majani hadi mwishoni mwa baridi wenye mabwawa huufungua, maji yakapungua, samaki wakakusanyika kwenye kina wakavuliwa kwa wavu. Maji yaliyotoka hayapotei. Hushuka kulijaza bwawa la jirani aliye chini. Afunguaye mlango bila kumjulisha jirani humharibia kazi, na azuiaye maji humnyima riziki. Tulipenda kuwaonyesha watoto mlango ule wa maji kuliko kitu kingine chochote.

Mambo hayakuwa mazuri wakati wote. Mabwawa na vinamasi vilileta malaria, na watu wa Brenne, kama wenzao wa Sologne, waliteswa na homa hiyo hadi karne ya 19, ndipo sehemu kubwa ya vinamasi ikakaushwa. Mtoto wa Kiafrika anayedhani kwamba malaria ni ugonjwa wa kwao peke yake anafaa kulisikia hili akiwa amesimama mahali lilipotokea.

Lipo pia bwawa kubwa kuliko yote, la zaidi ya hekta 150, karibu na ngome ya Bouchet ambako ofisi ya wageni ya hifadhi imejengwa. Linaitwa étang de la Mer Rouge, yaani bwawa la Bahari Nyekundu, ile ambayo wazee wetu huiita Bahari ya Sham. Masimulizi ya wenyeji yanasema bwana mmoja wa ngome hiyo alikwenda kupigana katika Vita vya Msalaba, akatekwa na Waislamu, kisha akarudi salama. Alipoliona bwawa lake likamkumbusha bahari aliyoiona Mashariki, akalipa jina hilo. Kama ni hivyo au sivyo, jina limebaki. Sisi tuliokuwa na mabuibui na kofia zetu tulilitazama kwa mbali, na mwenyeji aliyekuwa akipita na mbwa wake alituamkia kwa adabu akaendelea na njia yake.

Viumbe wa huko wanahitaji subira. Hifadhi ya taifa ya Chérine, iliyoanzishwa mwaka 1985 ndani ya Brenne, ina vibanda vya mbao vyenye matundu ambamo mtu hukaa kimya na darubini yake. Utawaona korongo wa rangi ya zambarau wakiotamia kwenye matete, na ndege wembamba wa maji wanaojenga viota juu ya majani ya mayungiyungi; wote hao huukimbia msimu wa baridi na kushukia Afrika kusini mwa Sahara. Yupo pia kobe mdogo wa majini, mweusi mwenye madoadoa ya manjano. Mwezi wa Mei na Juni jike hutoka majini akatafuta mchanga mkavu wa kutagia, na mara nyingine hulazimika kuvuka barabara. Mwenye gari na aende taratibu.

Sasa tuje kwenye mambo ya kujua kabla ya kufunga safari. Sehemu kubwa ya mabwawa na misitu ni mali ya watu binafsi, na njia ya umma ndiyo haki ya mpita njia, asiiache. Njia fupi za mzunguko huwekwa alama ya mstari wa manjano kwenye miti na nguzo, na zile ndefu za nchi nzima mstari mweupe na mwekundu. Ukiona alama ya msalaba uliolala, umekosea njia. Sheria ya tarehe 2 Februari 2023 imewabana wenye mashamba waliozungushia misitu nyua ndefu, hususan Sologne: ua sasa hautakiwi kuzidi mita 1.20, na uache nafasi ya sentimita 30 chini ili wanyama wapite. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka adhabu kwa anayeingia msitu wa mtu ulio na alama ya kukataza. Tunaona ni haki pande zote mbili. Bwawa la Bellebouche, lililo wazi kwa umma, linafaa kwa kuanzia.

Kuhusu sala, aliyezoea Dar es Salaam au Unguja kuelekea kaskazini atambue kwamba huko kibla ni kusini-mashariki, kikiegemea zaidi mashariki. Mwezi wa Juni adhuhuri huingia karibu saa nane mchana, laasiri saa kumi na mbili jioni, na jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo kuna nafasi pana ya kutembea baina ya sala mbili. Mwezi wa Desemba ni kinyume: adhuhuri karibu saa saba, laasiri saa tisa, magharibi saa kumi na moja na robo hivi, hapo chagueni njia fupi. Maji ya bwawa yaliyogeuka rangi kwa udongo na majani bado yanatoharisha, ila kingo zake zina utelezi na wakati wa joto huweza kuota ukungu wa kijani wenye sumu. Chupa mbili za maji ya udhu mkobani ni salama zaidi, na mkeka mwembamba utawakinga na umande.

Msimu wa uwindaji huanza Septemba hadi mwisho wa Februari, na risasi haichagui. Mkikuta kibao cha kutahadharisha kuwa uwindaji unaendelea, rudini. Majira ya machipuo na kiangazi kuna kupe wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Soksi ndefu na nguo zetu za kusitiri zinasaidia, lakini jioni kila mtoto akaguliwe mwilini, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Kupe hutolewa kwa kibano, si kwa mafuta wala moto.

Na njaa ikiuma, mikahawa ya vijijini imejaa nyama ya nguruwe mwitu na soseji, ila carpe wa mabwawa hayo hayo huuzwa akiwa amekaangwa vipande vyembamba. Ni halali na ni mtamu. Ulizeni tu kwanza amekaangwa kwa mafuta gani, na kama mchuzi wake umetiwa mvinyo.