Mbwa Yupi Afaa Nyumbani: Basenji au Mbwa wa Simba?

Baba wa jamaa atafutaye mbwa wa kuwinda hutazama kwanza miguu na meno. Sisi twaona heri atazame kwanza chungu cha mama nyumbani, ua wake, na kuku wa jirani. Maana mbwa huwinda saa chache tu katika juma. Saa nyingine zote yuko nyumbani pamoja na watoto.

Leo twataka kusema habari za mbwa wa namna mbili, wote wa Afrika, wote wenye mbio na nguvu zisizotulia. Wa kwanza ni basenji, mbwa wa misitu ya Kongo. Wa pili alitokea kusini mwa Afrika, na Wazungu humwita Rhodesian Ridgeback. Sisi tutamwita mbwa wa simba, kwa kuwa ndiyo kazi iliyompa sifa.

Basenji si mgeni kwetu. Toka Kayna, shika njia ya kaskazini, pita Butembo na Beni, uingie msitu wa Ituri: huko Wambuti wamewinda naye tangu zamani. Ni mdogo. Dume hufika kimo cha sentimita 43 begani, na uzito wake ni kama kilo 11 tu. Masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya kiuno, paji la uso lina makunyanzi kama la mzee mwenye kufikiri. Habweki kama mbwa wengine. Hunguruma, hulia, na pengine hutoa sauti ya ajabu kama mtu aimbaye kwa koo. Kwa sababu hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti, wapate kujua yuko wapi anapofukuza nyama kuelekea nyavu. Hata jina lake limetoka huku kwetu: mbwa wa basenji, ndiyo kusema mbwa wa washenzi. Ni jina la dharau, wala mbwa hakulistahili, wala watu wa msituni waliomlea. Mwaka 1895 Waingereza walionyesha wawili katika maonyesho yao ya mbwa, nao wakafa kwa maradhi. Mwaka 1937 walionyesha wengine, na tangu hapo uzao wake umeenea Ulaya na Marekani. Huko watu hulipa fedha nyingi kwa mbwa ambaye sisi twamtupia mawe njiani.

Sifa zake nyumbani ni hizi: hujilamba kama paka, hana harufu nyingi, na jike kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Makosa yake nayo si machache. Ni mkaidi, ni mwizi wa nyama, hapendi mvua, na katika vilima vyetu vyenye baridi yampasa kulala ndani. Kuku akimwona, akimbie.

Mbwa wa simba ni mtu mwingine kabisa. Mababu zake walikuwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenye mstari wa nywele mgongoni unaoelekea kichwani badala ya mkia; Wazungu wakawachanganya na mbwa wao wakubwa. Mwaka 1922, katika mji wa Bulawayo, wafugaji walikutana wakaandika namna mbwa huyo apasavyo kuwa. Dume hupata kimo cha sentimita 69 na uzito wa kilo 36 na zaidi, yaani basenji watatu katika ngozi moja. Tusidhani kwamba alimwua simba. Kazi yake ilikuwa kumzunguka na kumsumbua mpaka mwindaji afike na bunduki.

Lakini Kayna atawinda simba gani? Kweli, kutoka Kanyabayonga mtu hutazama chini akaona bonde la Rwindi, nchi ya simba. Bonde hilo limo katika mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kuwinda humo kumekatazwa. Hata nje ya mbuga, uwindaji una sheria yake ya tarehe 28 Mei 1982, na mwenye mbwa aulize ruhusa kwanza, kwa maana mbwa hasomi kibao cha mpaka. Kinachobaki katika mashamba yetu ya maharagwe na mihogo ni panya na ndezi, na kwa kazi hiyo mwili mdogo upenyao vichakani wafaa kuliko mwili mkubwa uvunjao mimea.

Tena kuna chakula. Kitakachomlisha mbwa wa simba siku moja kitamlisha basenji siku mbili na zaidi. Ugali mtupu haumtoshi mbwa wa mbio; ataka vichwa vya samaki na matumbo yaliyopikwa. Nyumba ambamo watoto wala mara moja kwa siku isijitwike mzigo huo.

Na liko jambo lisilo jepesi kulisema. Mwishoni mwa Juni 2024 vita vilipofika Kanyabayonga na Kayna, jamaa nyingi zilishika njia ya Lubero na Butembo, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Mbwa wa kilo 11 aweza kupata pembe ya kulala kwa mwenyeji aliyewapokea. Wa kilo 36, nani atampokea?

Mtu atatuuliza: basenji habweki, nani atatuamsha mwizi akija? Neno hili ni kweli. Aliye na boma imara, ng'ombe au duka la kulinda, na chakula cha kutosha, achukue mbwa wa simba. Ila amfundishe tangu mdogo, maana akitimiza mwaka mmoja ndiye atakayemburuta mtoto kwenye kamba. Kwa nyumba nyingine zote sisi twachagua basenji, na kwa ulinzi wa usiku twasema mbwa wa kawaida wa kijiji abweka vya kutosha.

Awe yupi, apate chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, na kila mwaka tena. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ileile, hata kama jeraha ni dogo. Ugonjwa huo ukisha kuonyesha dalili, karibu hapana aponaye.

Siku ya kuchagua, mwombe mwenye mbwa akuonyeshe mama. Kama ni uzao wa mbwa wa simba, mvute mtoto ngozi ya shingo na mgongo kwa vidole. Ukigusa kitu kama uzi ushukao ndani ya nyama, mwache, ana kasoro ya kuzaliwa ipasuliwayo na mganga wa wanyama. Kama ni basenji, uliza kama wazazi wanywa maji kupita kiasi, kwa kuwa ukoo huo una ugonjwa wa figo. Wala usimtoe kwa mama yake kabla ya majuma manane.