Mtoto anaumwa chuoni: ahame, aahirishe au arudi nyumbani?

Simu ya namna hii huja usiku. Mama yuko Newala, binti yuko Iringa anasoma mwaka wa kwanza wa stashahada ya famasi, na maumivu ya viungo yamemrudia mara ya tatu tangu muhula uanze. Ana selimundu, na familia inaijua tangu akiwa mdogo. Mama husema arudi nyumbani mara moja. Baba, aliyelipa ada kwa fedha za korosho, husema avumilie amalize mwaka.

Wote wawili wana sababu, ila wameruka swali moja: kinachomuumiza mtoto ni mahali alipo, au ni kazi anayosomea?

Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Kwa mwenye selimundu, baridi, kukosa maji ya kutosha mwilini, uchovu na maambukizi vinaweza kuamsha maumivu makali. Huyu akihamia chuo cha ukanda wa joto, karibu na hospitali inayoweza kumfuatilia, huenda akapata nafuu ya kweli. Mwenye pumu inayochochewa na unga wa dawa kwenye mazoezi ya maabara ni habari nyingine. Unga huo ataukuta kila chuo cha famasi, na kumhamisha ni kuhamisha tatizo pamoja na begi lake. Ndiyo maana barua ya daktari inayosema tu "anaumwa" haitoshi. Mwombeni aandike ni ugonjwa gani, unachochewa na nini, na mgonjwa anahitaji mazingira gani.

Hata nyumbani si jibu la moja kwa moja. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, kipupwe kina upepo wake, na shida ya maji huko ni ya miaka mingi. Masasi, chini ya uwanda, kuna joto zaidi, lakini joto nalo linataka mtu anywe maji sana.

Kuna kosa jingine la kawaida: "Mbona chuo cha afya kipo hapa hapa?" Newala kuna chuo cha uuguzi, Masasi kuna uuguzi na utabibu. Kutoka famasi kwenda uuguzi si uhamisho, ni kubadili kozi, na mara nyingi maana yake ni kuanza upya.

Uhamisho wenyewe ni wa kozi ileile. Stashahada ya famasi ni miaka mitatu, NTA ngazi ya 4 hadi ya 6, na msimamizi ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Aliye kwenye shahada anashughulikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Chuo anakotoka kiridhie, anakokwenda kiwe na nafasi, kisha taarifa zake zihamishwe rasmi. Hapa ndipo wazazi wengi huteleza: wanampeleka mtoto akae darasani huku "mambo yakifuatiliwa". Mtihani unafika, jina halipo. Kabla ya yote, hakikisheni pia chuo kipya kinatambuliwa na Baraza la Famasi, maana bila hilo cheti kinaweza kumkwamisha kwenye usajili wa taaluma.

Kama dirisha la uhamisho limefungwa, kuna njia ambayo haisemwi sana: kuahirisha masomo kwa maandishi, kwa sababu za kiafya. Anayeahirisha ana nafasi ya kurudi. Anayeondoka kimyakimya huhesabiwa mtoro.

Halafu fedha. Minada ya korosho huanza karibu na Oktoba, vyuo navyo hufunguliwa karibu na wakati huo, hivyo baba hulipa ada ya mwaka mzima fedha zikiwa bado mkononi. Mtoto akihama Machi, ada haimfuati yenyewe, na msimu mwingine uko mbali. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, ni busara kulipa kwa muhula, na kusoma kanuni za chuo za kurejesha ada kabla ya kwenda benki.

Na fomu ya afya ya kujiunga ijazwe ukweli. Wapo wazazi wanaoficha selimundu wakiogopa mtoto atakataliwa. Miezi sita baadaye wanaomba uhamisho kwa ugonjwa ambao kwenye faili la chuo haupo.