Kujiandaa kwa Shauri la Pingamizi la Hakimiliki

Nchini Uganda, ombi la kusajili hakimiliki hupelekwa kwa msajili katika URSB, ofisi ya usajili ya serikali ambayo ina tawi Arua. Ombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali kwa siku 60. Asipotokea mpinzani, mwombaji hupewa cheti. Akitokea, msajili huzisikiliza pande zote mbili kabla ya kuamua.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 humlinda mtunzi tangu kazi yake inapoandikwa au kurekodiwa, hata kama haijasajiliwa. Wazo tupu halilindwi. Kuwahi kufika ofisini, basi, hakumpi mtu wimbo asioutunga. Hoja kuu ni nani alitunga, na lini.

Tuseme wimbo wa Kikakwa uliopigiwa kinubi cha adungu umerekodiwa studio Koboko. Aliyetunga ana hakimiliki. Mwimbaji, mpigaji na aliyegharimia rekodi wana hakishiriki. Mwombaji aseme wazi anadai ipi, na mkataba ukiwapo autoe. Ikiwa tuni ni ya jadi, aonyeshe beti au mpangilio aliouongeza mwenyewe. Aliyetunga akiwa kazini asome mkataba wake wa ajira, maana pasipo makubaliano mengine haki huanzia kwa mwajiri.

Ushahidi bora ni ule uliozaliwa pamoja na kazi: daftari la mashairi yaliyokatwakatwa, rekodi ya kwanza ya simu yenye tarehe, risiti ya studio, ujumbe wa WhatsApp aliotumiwa prodyuza. Rasimu chafu huwa na uzito zaidi kuliko nakala safi, kwani huonyesha jinsi kazi ilivyokua. Simu yenyewe isiuzwe wala kufutwa kabla shauri halijaisha. Maneno ya Kikakwa au Kilugbara yaambatane na tafsiri ya Kiingereza, lugha ya ofisi. Shahidi awe mtu aliyekuwapo, kama fundi mitambo au mwanakwaya, na aeleze aliyoyaona, si aliyosimuliwa.

Nyaraka zipangwe kwa tarehe na kupewa namba, kisha kila dai la mpinzani lijibiwe kwa waraka wake. Faili hilo litunzwe hata baada ya cheti kutoka: haki za kiuchumi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na warithi wanaweza kulihitaji mahakamani.